Kengele ya Mtu Asiye na Kaburi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili. Jalada jekundu, gumu, kurasa mia mbili. Nilidhani ni zawadi, kumbe ni dawa. "Mama," akasema, "hayo maneno unayowagawia watu sokoni, anza kuyaandika. Daftari halina jirani." Nikacheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga. Ulimi wake mkali huyu mtoto! Sijui kautoa wapi.

Basi naandika. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima, na hilo halikufutika. Kazi yangu ni kusugua shaba za Kanisa Kuu: msalaba, vinara, chetezo, na yale mabamba ya ukutani yenye majina ya marehemu wakubwa. Maaskofu, majaji, maofisa wa jeshi. Nawajua wote kwa vidole. Mwaka wa ishirini na sita huu nawasugua marehemu wa watu.

Na binti yangu ndiye mpiga kengele mkuu wa Kanisa Kuu. Niandike tena, maana mkono unaona raha: binti yangu ndiye mpiga kengele mkuu wa Kanisa Kuu. Mwanamke wa kwanza tangu lijengwe. Jirani yangu ana mtoto daktari, nami nampa hongera zake kila Jumapili. Lakini madaktari wako wangapi nchi hii? Mpiga kengele ya taifa ni mmoja, na nimemzaa mimi.

Asiyejua na ajue: mtu wa kanisa letu akifa, kengele kubwa humlilia pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Mtoto wa miaka miwili, mapigo mawili. Bibi wa tisini, tisini. Watu huko nje huacha shughuli na kuhesabu. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu. Ila sharti jina liwe limeandikwa kwenye daftari la maziko. Pasipo maziko hakuna jina, pasipo jina hakuna kengele.

Jambo hilo nitaliandika siku nyingine. Leo nina furaha ya daftari.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Nguo hazikukauka.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilimfuata Provosti ofisini. Yeye ndiye mkuu wa Kanisa Kuu, mtu mpole, anatembea kama anaogopa kuamsha mtu. Nilimwomba nilichokwisha kuwaomba maprovosti watatu kabla yake: amwandike mume wangu kwenye daftari la maziko, apigiwe kengele yake. Mapigo thelathini na matatu tu. Hata robo saa haifiki.

"Mama yangu," akasema, "amezikwa wapi?"

"Baba, ningejua ningekuja kukuuliza?"

Akashika kichwa. "Daftari lina safu ya mahali pa kaburi. Niandike nini?"

Wote huniambia hivyohivyo. Sasa niandike nisichopenda kukiandika.

Mume wangu alikuwa mpiga chapa wa serikali. Alikuwa akirudi na wino kwenye kucha, hata siku ya harusi yetu alikuwa nao, mama mkwe alimsugua kwa ndimu, wapi! Mwaka wa mgomo wao, wenye silaha wa serikali walipoanza kuwafukuza wapiga chapa mitaani, wanaume kumi na tisa walikimbilia Kanisa Kuu. Walikaa ndani siku tatu. Sisi wake zao tuliwapitishia maji na mkate kwenye dirisha la sakristia, kile chumba cha nyuma cha mavazi ya ibada. Siku ya tatu nilimpitisha binti yetu, ana miaka minne, kichwa kwanza kama mkate, akapakatwa na baba yake nusu saa, kisha baba akanirudishia. Alipotoka shavu lilikuwa na alama ya wino.

Siku ya nne mlango mkubwa ulifunguliwa. Haukuvunjwa. Ulifunguliwa kutoka ndani, na Provosti wa wakati ule, kwa ufunguo. Alikuwa ameahidiwa kwamba wataulizwa maswali tu na kurudi majumbani. Hakurudi hata mmoja. Mwaka uliofuata serikali ililiezeka kanisa upya, bati la kijani, na Mzee, aliyekuwa akitawala wakati ule, alikuja mwenyewe kukata utepe. Miaka michache baadaye nikaajiriwa kusugua shaba. Watu walishangaa, unawezaje? Niliwajibu: pale ndipo nilipomwona mara ya mwisho, mlitaka nikakae wapi?

Provosti aliniambia atafikiri. Nimemfahamu. Atafikiri mpaka astaafu.

Ijumaa, 14 Machi

Redio inasema Mzee ni mgonjwa, tumwombee. Tumemwombea. Midomo yangu ilisema amina, mimi sikuisaidia.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilipanda mnarani, ngazi tisini na mbili, na chai ya binti yangu kwenye chupa, maana anasahau kula. Nilimkuta na Injinia, kijana wa kofia ya plastiki aliyeletwa kukagua. Alikuwa anachoma boriti kwa bisibisi, na bisibisi inaingia kama kwenye mkate.

"Hii ndiyo inayobeba kengele," akasema. "Maji ya paa yameila. Kengele isimame leo."

Provosti naye alikuwa amefika, anahema. "Haiwezi kusimama. Mzee akiondoka, taifa zima litasubiri kengele hii. Nimeshaulizwa mara mbili kwa simu."

"Basi mara hiyo moja. Baada ya hapo tunaiteremsha, na kupanda kwake tena siahidi."

Walipoondoka binti yangu alikunywa chai ameegemea ukuta. Nikamwambia niruhusu nivute kidogo, mama yako asife hajaigusa. Akacheka. "Watu wote wanakosea hapo, Mama. Wanaivuta. Kengele haivutwi. Unaisindikiza kwenda, unaisubiri irudi. Ukiibishia inakutoa mkono." Akanionyesha na ngozi anayoivalisha ulimi wa kengele siku za msiba, ili sauti itoke kwa chini, kama mtu anayelia na mkono mdomoni.

Nikamtazama. Ana miaka thelathini na mitatu mwaka huu. Umri wa baba yake ndio huo, na ameshika kamba kama baba yake alivyoshika mashine, kwa utulivu. Nikaisahau chupa ya chai kulekule.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya tisa mvua haikatiki. Nimeweka ndoo saba kanisani, moja chini ya benchi la serikali, lile lenye mto mwekundu. Paa la ule mwaka limechoka. Kila nikimwaga ndoo nasema moyoni, hayo ndiyo malipo mliyopokea, angalieni yanavyovuja.

Mama Kanzu, rafiki yangu anayeshona mavazi ya kwaya, alinisikia nikinung'unika akasema, "Shoga, wewe unazungumza na ndoo siku hizi?"

"Ndoo inasikiliza hadi mwisho. Wewe unanikatiza."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa limejaa, nguzo zinatoa jasho. Kengele kubwa inatunzwa kwa ajili ya Mzee, lakini ile ndogo binti yangu aliipiga ikasikika hadi ng'ambo ya mto.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzee amefariki, miaka themanini na minne.

Tangu asubuhi pale kanisani ni magari meusi. Watu wa itifaki wanapima njia kwa hatua, wanaandika nani akae wapi. Mmoja aliniambia nisugue vinara upya. Nikamjibu, mwanangu, ungejitazama uso humo kwanza ndipo useme. Akajitazama, akarekebisha tai, akaenda zake.

Ibada ni Jumamosi ijayo. Redio na televisheni zote zitatangaza, na kabla ya neno lolote nchi nzima itasikiliza kengele. Mapigo themanini na manne. Yaani dukani, bandarini, magerezani, vijiji ambavyo hata barabara havina, watu watakaa kimya kumsikiliza binti yangu. Niliyasema hayo kwa muuza mboga, kwa fundi viatu, na kwa mwanamke nisiyemjua aliyekuwa anasubiri mvua ipungue. Nisamehewe. Hata mwenye kidonda hujivunia mtoto wake.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Binti yangu alikula, akaosha sahani yake, akaja kukaa kwenye mkeka miguuni pangu kama zamani. Akasema, "Mama, Jumamosi nitapiga themanini na nne. Halafu nitanyamaza kwa muda wa Baba Yetu moja. Halafu nitapiga thelathini na tatu."

Nikanyanyuka, nikafunga mlango kwa komeo, nikarudi kukaa. Akaendelea:

"Mtu yeyote anayejua kuhesabu atajiuliza ni za nani. Wenzake kumi na wanane wana watoto. Watajua."

Nikamwambia watakufukuza kazi. Akasema kengele yenyewe inateremshwa, kazi ipi? Nikamwambia watakukamata. Akanitazama kwa macho ya baba yake. "Mama, wewe umeomba miaka mingapi?"

Nilimshika kichwa nikalia kwenye nywele zake. Hofu ilikuwepo, sidanganyi. Lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, na naona haya kukitaja. Ni maringo. Nilijiona mimi, mke wa mpiga chapa, nimekaa benchi la kumi na nne nyuma ya nguzo, na mawaziri wote wameinamisha vichwa kwa ajili ya mume wangu, bila wao kujua.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata ndoo."

Nikaapa.

Jumatano, 30 Aprili

Nilikuwa nasugua mkono wa mimbari. Mama Kanzu amekaa karibu anapachika vifungo, mvua inapiga bati, tuko wawili tu. Akasema, "Binti yako ana bahati. Mtoto wa mtu aliyepotezwa na Mzee, na ndiye atakayempigia kengele kwa heshima zote. Kweli Mungu ni mcheshi."

Alisema kwa wema, nami nilijua ni wema. Lakini neno "kwa heshima zote" liliniingia kama sindano. Yaani binti yangu aonekane mtumwa wa msiba wa yule? Kabla sijajua mdomo umeshafunguka. "Heshima zote? Subiri uhesabu. Ukifika themanini na nne usisimame, endelea."

Mama Kanzu aliacha uzi. "Unasema nini?"

Nami, Mungu wangu, nikamweleza. Yote. Kimya cha Baba Yetu moja, thelathini na tatu, wenzake kumi na wanane. Nilimweleza kwa raha, nikionyesha kwa mikono jinsi kamba inavyokwenda. Mama Kanzu akalia, akanikumbatia na kanzu zake. "Huyo ni mtoto wa kanisa lote," akasema. "Huyo ni wetu sote."

Nimemwapisha. Ameapa. Naye anaapa vizuri kama mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Binti yangu amepaka mafuta ngozi ya kengele. Nami nimepiga pasi gauni la kesho.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisiongeze.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Jeneza liliingia na bendera, nyuma yake wakubwa wa nchi na wa nchi za jirani, kanisa kimya kabisa, unasikia tu tone likianguka ndooni. Niliketi benchi la kumi na nne nyuma ya nguzo. Nilivaa gauni la bluu, lile alilolipenda mume wangu, na ndani ya kiganja nilishika kipande cha karatasi chenye chapa yake, tangazo la mnada wa ng'ombe. Sina kingine alichokichapa kwa mkono wake.

Pigo la kwanza lilipolia vioo vya madirisha vilitetemeka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipiga vile. Kila pigo liliachwa life lenyewe ndipo jingine lizaliwe. Nilihesabu. Kufikia thelathini na tatu nikaona aibu, maana pale mume wangu alikwisha, na Mzee alikuwa bado anaendelea. Hamsini. Sitini. Hapo angekuwa karibu na umri wangu wa sasa, tungekuwa tunazeeka. Sabini. Themanini. Moja, mbili, tatu, nne.

Nikafumba macho. Nikasema Baba Yetu polepole, nisimkimbize. Nikafika amina.

Nikasema ya pili.

Katikati ya ile ya pili bendi ya jeshi ikaanza. Watu wakasimama. Nami nikasimama, karatasi imelowa jasho mkononi, nasubiri pigo la themanini na tano. Halikuja.

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu alirudi jana saa kumi na moja jioni. Alivua viatu, akaviweka sawasawa, akasema bila kunitazama:

"Walikuwa wawili. Wenye suti. Walinisubiri kwenye chumba cha kamba tangu alfajiri. Mmoja alikuwa na karatasi, kila pigo anachora mstari. Nilipofika themanini na nne yule wa pili aliushika mkono wangu. Hakunipiga. Aliushika tu, akasema, 'Imetosha, dada. Zile nyingine tunazijua.'"

Nikaketi mkekani.

"Thelathini na tatu, Mama. Waliijua hadi namba. Ulimwambia nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilitaka kudanganya, nilikuwa na uongo mzuri kabisa tayari. Nikasema, "Mama Kanzu."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeambiwa bei aliyoitarajia. "Uliniapia," akasema. Akaenda kulala.

Leo Mama Kanzu alikuja analia mlangoni. Alikuwa amemwambia dada yake tu. Dada yake ni mke wa katibu wa kanisa. "Nilikuwa najivunia mtoto wetu, shoga. Sikuwa na ubaya." Nilimwambia najua. Ni kosa langu mimi nimelivaa, yeye ameshona vifungo tu.

Provosti alipoambiwa na katibu alipiga simu kule juu. Huyo huyo anayeogopa kuamsha mtu. Walimwahidi kwamba binti yangu hatafanywa kitu, na funguo zote arudishe. Tangu lini nimeisikia ahadi ya namna hiyo?

Jumanne, 6 Mei

Anakula amesimama. Hasemi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Sahani yake kaiosha kabla sijaifikia.

Jumapili, 11 Mei

Nimesugua bamba la Provosti wa zamani, yule wa ufunguo. Kila wiki nilikuwa nalipita juujuu, libaki na madoa. Leo nililisugua mpaka likang'aa, nikajiona usoni pake. Yeye alifungua mlango, mimi nilifungua mdomo. Kila mmoja alidhani anafanya jambo la heri.

Jumatatu, 12 Mei

Injinia amesema Jumatano wanakuja mafundi na winchi. Kengele inateremshwa. Provosti ametangaza kwa masikitiko, kasema tuombee fedha za paa.

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa anakunja nguo zake kwenye begi, atakwenda kutafuta kazi mji mwingine. Aliendelea kukunja.

Jumanne, 13 Mei

Viganja vimefungwa vitambaa, nashika kalamu kwa ncha za vidole. Mwandiko uniwie radhi.

Saa nne asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida na ndimu zangu na majivu. Ufunguo wa mnara unaning'inia sakristia, kwenye msumari nilioupigilia mimi mwenyewe. Hakuna aliyefikiri kuuficha. Nani angemwogopa mwanamke wa shaba?

Ngazi tisini na mbili. Nilipumzika mara nne. Chumbani nilikuta chupa yangu ya chai, ile niliyoisahau Machi, imesimama palepale.

Nikashika kamba. Nikavuta kwa nguvu zote, kengele ikasogea, haikulia, kamba ikanipanda na kunichuna ngozi. Mara ya pili vilevile. Nikakumbuka: haivutwi. Nikaisindikiza. Nikaisubiri. Ikaenda, ikarudi, ikaenda mbali zaidi, na mara ya tano au ya sita ikalia.

Lo! Ililia wazi, kwa sauti ya harusi, maana sikuivalisha ngozi. Vumbi la boriti likaniangukia kichwani. Nikasema kwa sauti: "Moja."

Sikupiga vizuri, nisijisifu. Nyingine zilifuatana kama watu wanaogombana, nyingine zilichelewa hadi nikadhani imekufa. Ya sita ilininyanyua, visigino vikaacha sakafu. Ya tisa niliona damu kwenye kamba. Ya kumi na moja kamba iliteleza kwenye damu. Nikakaa chini, nimeikumbatia kamba kama mlevi aliyekumbatia nguzo, nikasema, mume wangu, nimekuletea kumi na moja, wewe ni mtoto wa miaka kumi na moja, nisamehe.

Ndipo nikasikia miguu kwenye ngazi, mbiombio, mbili mbili. Nikajua wamekuja wale wenye suti.

Alikuwa binti yangu. Amelowa chapachapa, kiatu kimoja. Alikuwa kituo cha basi na begi lake aliposikia. Nani mwingine nchi hii angejua kwamba kupiga kubaya kama kule ni kwa mama yake?

"Ngapi?" akauliza. Neno la kwanza tangu siku ile.

"Kumi na moja."

Akachukua kamba mikononi mwangu. Akatazama juu. "Hukuivalisha ngozi."

"Sijui inavyofungwa."

"Basi iache ilie."

Akapiga ya kumi na mbili.

Ya ishirini nikaona viatu kwenye ngazi, vyeusi, vya Provosti. Vilisimama pale kwenye kona. Nilijikaza ninyanyuke nimzuie, lakini hakupanda. Alisimama na mwavuli wake unaodondosha maji, na midomo inachezacheza. Kumbe anahesabu.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Ya thelathini na tatu binti yangu aliiachia polepole, akaweka kiganja kwenye kamba mpaka ikatulia kabisa. Boriti ikalia kidogo, kama mzee anayejigeuza kitandani.

Provosti akafungua mdomo. "Injinia alisema boriti…" Akaacha. Akatutazama, damu, kamba, mguu usio na kiatu. "Shukeni taratibu," akasema. "Ngazi zimelowa."

Nje watu walikuwa wamesimama mvuani. Muuza mboga, fundi viatu, Mama Kanzu na sindano bado kifuani. Mmoja akaniuliza, "Mama Kengele, ni nani huyo? Thelathini na tatu, kijana kabisa!" Wote wananijua, wakasogea, wanasubiri hadithi ya saa nzima.

Nikasema, "Mume wangu." Nikapita.

Alhamisi, 15 Mei

Barua zimekuja mbili, yake na yangu. Sote hatuna kazi. Kengele ipo chini, uani, juu ya matairi manne, imefunikwa turubai. Mvua inapiga turubai.

Jumatatu, 19 Mei

Binti yangu ameondoka kwa basi la asubuhi. Alinifungia kitambaa kipya mkononi kabla ya kwenda. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Usiloweshe."

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Saa nane mchana mlango ukabishwa, taratibu, nikajua ni nani.

Provosti alikuwa amebeba kitu chini ya koti la mvua. Daftari la maziko. Sijawahi kusikia limetoka nje ya Kanisa Kuu. Aliliweka mezani, akafuta miwani, akasema, "Nilihesabu mwenyewe, mama yangu. Kengele imekwisha kulia. Siwezi kuwa na kengele isiyo na jina."

Nikamwuliza kama huko juu wanajua. Akasema, "Watajua."

Akaandika jina. Mwandiko wake mzuri, kunizidi mimi, nasema kweli. Umri: miaka thelathini na mitatu. Kazi: mpiga chapa. Tarehe ya kifo. Nikamwambia andika siku ule mlango ulipofunguliwa. Mkono wake ukasita, ukaandika.

"Aliyeongoza maziko?"

"Andika binti yangu," nikasema. "Na uandike kwa urefu: mpiga kengele mkuu wa Kanisa Kuu."

"Mama yangu, amekwisha…"

"Siku ile alikuwa nani?"

Akaandika, kwa urefu.

Ikabaki safu ya mwisho, mahali pa kaburi. Akaigusa kwa kalamu, akasubiri. Nilifikiri niseme makaburi ya mji, niseme mtoni, niseme popote, karatasi ishibe. Mvua ilikuwa ikianza tena. 

"Iache wazi," nikasema.

Akainua kalamu. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu, wino umevuja. Imebaki nukta nyeusi, ndogo, kama wino wa kucha za mume wangu. Nimeipulizia mpaka ikakauka. Kwa sasa amezikwa pale.